Mtoto Aliyekwama Katika Kusoma

Mtu apitaye karibu na shule ya msingi asubuhi husikia sauti za watoto zikipanda pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Mzazi azisikiapo sauti hizo, akiwa njiani kwenda shambani au ofisini, moyo wake hutulia, maana hudhani kwamba watoto wote sitini walio ndani wanajifunza kusoma. Walakini mtu huyo akiingia darasani na kuketi kimya karibu na dawati la nyuma, aweza kuona jambo jingine. Yuko mtoto afumbuaye kinywa pamoja na wenzake, lakini macho yake hayako ubaoni. Anaitazama midomo ya jirani yake na kusema asemalo jirani, nukta moja baadaye. Kitabu amekishika vizuri, na maneno ya ukurasa ameyashika kwa ghibu kwa sababu ya picha. Mwalimu akiifunika picha kwa kiganja, au akionyesha neno moja la katikati ya mstari, mtoto hunyamaza.

Mtoto huyo si mkaidi, wala hana upungufu wa akili. Nyumbani aweza kuhesabu mbuzi wa baba yake bila kukosea na kupeleka salamu ndefu kwa shangazi bila kusahau neno. Amekwama tu mahali fulani katika njia ya kusoma, na hapana mtu aliyerudi nyuma kumtafuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika darasa la kwanza ufa ni mdogo: labda ni herufi nne au tano asizozijua. Katika darasa la tatu hata hesabu huandikwa kwa maneno, naye hushindwa hesabu si kwa kutojua kujumlisha, bali kwa kutoweza kusoma swali. Kufika darasa la nne masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo mtoto hukaa darasani kama mgeni katika nchi asiyoijua lugha yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikubali mtoto azuiwe kupanda darasa. Ni sheria njema, maana mtoto aliyezuiwa huona haya na mara nyingi huacha shule. Lakini maana yake ni kwamba ufa hupanda pamoja na mtoto kila mwaka, isipokuwa mtu auzibe.

HABARI ILIYOWASHTUA WAZAZI

Mwezi wa Januari mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Hata wazee hawakubaki nyuma: Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, kwa sababu alitaka kujisomea mwenyewe. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu aliyezoea watoto thelathini alijikuta mbele ya themanini au mia.

Tangu mwaka 2009 shirika liitwalo Uwezo lilianza kupeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwasomesha watoto habari fupi za kiasi cha darasa la pili. Watu hao hawakuuliza mtoto yuko darasa gani tu. Walimpa karatasi asome. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Wazazi wengi walishangaa. Walikuwa wamenunua sare, wamewaamsha watoto alfajiri, na wameona vitabu vikirudi nyumbani vimewekwa alama. Walidhani kwenda shule na kujua kusoma ni jambo moja.

VITABU PEKE YAKE HAVITOSHI

Mtu akisikia habari hiyo husema mara moja, “Walete vitabu.” Shauri hilo lilijaribiwa. Katika miaka ya 1990 shule kadhaa za wilaya za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, kisha wataalamu wakalinganisha mitihani ya watoto wao na ile ya shule ambazo hazijapewa bado. Waliotazamia maendeleo makubwa hawakuyaona. Watoto waliokuwa hodari tangu mwanzo walizidi kuendelea, lakini watoto wa katikati na wa nyuma walibaki pale pale. Sababu yake ilikuwa wazi: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Kumpa kitabu kigumu mtoto asiyejua silabi ni sawa na kumpa mtu jembe lisilo na mpini.

Jaribio jingine lilifanywa magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005. Shule zilizokuwa na darasa la kwanza moja lililojaa ziliongezewa mwalimu, na darasa likagawanywa mara mbili. Katika shule 61 watoto waligawanywa bila kuchagua. Katika shule nyingine 60 waligawanywa kwa kadiri ya maendeleo yao, waliotangulia upande mmoja na waliochelewa upande mwingine. Wengi wangetazamia kwamba waliochelewa, wakiwekwa peke yao, wangezidi kurudi nyuma. Haikuwa hivyo. Baada ya miezi 18 watoto wa shule zilizogawanya kwa maendeleo walikuwa mbele ya wale wengine, na walionufaika ni pamoja na wale waliochelewa. Mwalimu aliyekuwa na watoto walio karibu hatua moja aliweza kuanzia pale walipo, badala ya kuwafuata wachache walio mbele na kuwaacha wengine vumbini. Wawili kati ya wataalamu wa kazi hiyo, Esther Duflo na Michael Kremer, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee, kwa kazi zao za kujaribu njia za kuwasaidia maskini.

Hili ndilo fundisho lenyewe: mtoto hufundishwa akianzia pale alipo yeye, wala si pale kilipofika kitabu. Si kila shule iwezayo kupata mwalimu wa pili, lakini mwalimu mmoja aweza kulitumia fundisho hili ndani ya darasa lake.

KUTAFUTA MAHALI ALIPOKWAMA

Mkulima aonaye kahawa yake inanyauka hamwagi dawa kabla ya kutazama jani na mzizi. Vivyo hivyo yampasa mwalimu kujua kwanza ni hatua gani iliyomshinda mtoto. Kazi hii haihitaji mashine wala fedha. Karatasi moja yatosha. Mstari wa kwanza aandike herufi kumi bila kufuata mpango wa alfabeti. Wa pili, silabi kumi. Wa tatu, maneno mafupi kama vile mama, kuku, na kitabu. Wa nne, sentensi mbili. Chini yake, hadithi ya mistari mitano au sita. Picha isiwepo hata moja, maana mtoto aliyekwama ni stadi wa kusoma picha.

Kisha amwite mtoto mmoja mmoja kando, wengine wakiwa wanaandika, amsikilize kwa upole, na kutia alama katika daftari mahali alipokoma. Dakika tatu zamtosha kila mtoto. Kwa darasa la watoto 60, hesabu yake ni dakika 180, yaani saa tatu. Akizigawa kwa siku tano ni dakika 36 kwa siku. Mwisho wa juma mwalimu atakuwa na orodha iliyo bora kuliko matokeo ya mitihani, maana mtihani humwambia ni nani aliyeshindwa, na orodha hii humwambia ameshindwa wapi.

Tena asisahau kutazama mwili wa mtoto. Mtoto akodoaye macho, au akisogezaye kitabu karibu na pua, huenda haoni vizuri; na asiyeitika aitwapo kutoka nyuma huenda hasikii sawasawa. Hao wakalishwe mbele, na wazazi waambiwe wawapeleke zahanati. Mtoto ajaye na njaa, au akosaye shule siku mbili kila juma kwa kuchunga au kuchuma majani ya chai, hatashika somo hata mwalimu akiwa hodari namna gani. Na wako watoto wachache wenye akili timamu ambao kwa asili yao huona taabu kubwa kuunganisha herufi na sauti. Wataalamu huiita hali hiyo disleksia. Watoto hao huhitaji njia ile ile ya hatua kwa hatua, lakini polepole zaidi na kwa kurudia mara nyingi zaidi.

HATUA KWA HATUA

Mtoto aliyekwama katika hatua ya kwanza hajatambua kwamba maneno yana sehemu. Huyu asianze na kitabu. Apige makofi: ki-ta-bu, makofi matatu, ma-ma, makofi mawili. Aulizwe neno gani jingine laanza kama mama, naye ajibu maji, au mahindi, au meza. Mchezo huu ni mdogo, lakini ndio msingi wa nyumba.

Katika hatua ya pili ajifunze herufi chache kwa wakati mmoja. Hapa Kiswahili kina neema yake, maana herufi zake husomwa karibu kila mara kwa sauti ile ile. Mtoto akizijua irabu tano, na pamoja nazo konsonanti tano tu, yaani m, t, k, l na b, ana silabi 25 mkononi, na kwa silabi hizo aweza kusoma kitabu, kalamu, kulala, kulima, na mengine mengi. Aonapo kwamba herufi chache zimempa maneno mengi, hupata moyo. Kiingereza ni kigumu zaidi: herufi u husomwa namna moja katika but na namna nyingine katika put. Mtoto aliyepata nguvu kwanza katika lugha iliyonyoka hukutana na taabu hiyo akiwa na silaha. Herufi zinazofanana, kama b na d, zisifundishwe siku moja.

Vitu vya kufundishia hupatikana bila duka. Herufi zaweza kuandikwa juu ya vifuniko vya chupa, au juu ya vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka katika maboksi. Mtoto avipange mwenyewe, aondoe kimoja, aweke kingine, aone kuku ikigeuka kuwa kuta, na kuta kuwa kula. Mkono ukifanya kazi, kichwa hukumbuka.

Hatua ya tatu ni herufi zinazoungana: mb, nd, ny, sh, ch, na kadhalika. Hapa wengi hukwama bila mtu kujua, kwa sababu husoma vizuri mpaka wafikapo neno kama ng'ombe, na kulisoma kama linavyoanza ngoma. Alama ile ndogo ifundishwe peke yake, kwa maneno mengi, mpaka izoeleke.

Hatua ya nne ni wepesi. Mtoto asomaye silabi moja kwa nguvu zake zote, kisha nyingine, akifika mwisho wa sentensi husahau mwanzo wake, kama mtu achotaye maji kwa kikapu. Dawa yake ni kusoma habari ile ile fupi mara tatu au nne, kwanza pamoja na mwalimu, kisha pamoja na mwenzake, mwisho peke yake. Asipewe habari mpya kila siku kwa kuwa kitabu chasema leo ni ukurasa wa ishirini.

Hatua ya tano, ambayo ndiyo shabaha ya zote, ni kuelewa. Baada ya kila habari mwalimu aulize: Nani alifanya nini? Kwa nini? Wadhani itakuwaje baadaye? Mtoto asomaye bila kosa na asiweze kujibu hajasoma bado; ametamka tu.

DAKIKA ISHIRINI KWA SIKU

Mwalimu wa watoto sitini atauliza, “Nitapata wapi wakati?” Awagawe watoto kwa hatua, vikundi vitatu au vinne, kwa dakika ishirini tu za kila siku. Wasomao vizuri wasome wawili wawili. Wa katikati wapange maneno kwa vifuniko. Yeye mwenyewe aketi na kikundi cha mwisho, maana hao ndio wasioweza kuendelea bila yeye. Baada ya majuma manne au matano awasikilize tena, na mtoto aliyevuka hatua avushwe kikundi siku ile ile. Kikundi kikidumu mwaka mzima hugeuka kuwa gereza, na kikipewa jina la wajinga huua moyo wa mtoto kabla somo halijaanza.

Fimbo haina kazi hapa. Sheria ile ile ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko, na hata pasingekuwa na sheria, jambo lenyewe lajieleza: mtoto aogopaye hubahatisha, na abahatishaye hasomi. Sifa ndogo ya kweli, kama vile “Leo umesoma maneno matatu ambayo jana hukuyajua,” hufanya kazi ambayo viboko haviwezi kuifanya.

Mwalimu awe mwangalifu pia asichanganye kosa la kusoma na desturi ya ulimi. Katika Kijaluo hakuna sauti ya sh, na watoto wengi Wakikuyu huchanganya l na r. Mtoto asomaye samba mahali palipoandikwa shamba, na akiulizwa ajibu kwamba ndipo mahali pa kupanda mahindi, amesoma. Matamshi yatarekebishwa taratibu. Akirudishwa nyuma kwa ajili ya ulimi wake, atadhani hajui kusoma, na kumbe anajua.

Njia hizi si ndoto. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha katika shule za msingi za umma nchini kote mpango wa Tusome, kwa msaada wa Marekani. Kila mtoto wa madarasa ya chini alipata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, kilichopangwa hatua kwa hatua. Mwalimu alipata kiongozi cha kumwonyesha somo la kila siku, na maofisa wa elimu walikwenda darasani kumtazama akifundisha, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, na kumshauri. Vitabu vilileta faida safari hii, tofauti na Busia, kwa sababu vilimfaa mtoto na havikuja peke yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka 2019 na kuleta jina la gredi badala ya darasa, nao unataka mwalimu apime maendeleo ya kila mtoto badala ya kungoja mtihani wa mwisho.

KAZI YA WAZAZI

Wazazi wengine husema, “Kusoma ni kazi ya mwalimu; mimi sikufika mbali.” Kwa kazi hii hakuna aliyekosa elimu ya kutosha. Baba ambaye hakusoma aweza kuketi jioni na kumwambia mtoto, “Nisomee kilichoandikwa juu ya gunia hili la mbolea.” Mama aweza kusikiliza habari ya kitabu huku akichambua maharagwe, kisha amwambie mtoto, “Hebu nieleze kwa lugha yetu imesema nini.” Mtoto akiweza kueleza, ameelewa, akishindwa, mama amejua jambo la kumwuliza mwalimu. Bibi asimuliaye hadithi kwa lugha ya nyumbani humfundisha mjukuu wake kusoma ingawa hashiki kitabu, kwa sababu mtoto aliyezoea kufuata hadithi kwa sikio atajua la kutafuta akiikuta kwenye karatasi.

Karani, mwenye karatasi na wino kila siku, ana wajibu wake pia. Aende shuleni mara moja kila muhula, na asiulize tu, “Mtoto wangu amekuwa wa ngapi?” Aulize, “Aweza kusoma nini leo ambacho hakukiweza mwezi uliopita?” Swali hilo humheshimu mwalimu, maana laonyesha kwamba mzazi aijua kazi yake.

Kwa hiyo mzazi asingoje taarifa ya mwisho wa mwaka. Jioni ya leo, taa ikiisha kuwashwa, amwite mwanawe, afungue kitabu chake cha shule, afunike picha kwa kiganja, na kumwambia kwa sauti ya upole, “Nisomee hapa.” Mtoto akisoma, asifiwe. Akinyamaza, asigombezwe, kesho asubuhi mzazi na mtoto wafuatane shuleni, wakamwone mwalimu kabla kengele haijalia. Udongo uwahi ungali maji.